Chumba cha Pili

Sogeeni. Nina kesi, sina hakimu. Walionisimulia waliniachia kama ilivyo, nami nawaachia ninyi.

Kulikuwa na watu watatu waliowaita watu wawili baba na mama. Wa kwanza, Nderingo, alipewa mikono. Alichokipanda kiliota, alichokisimamisha hakikuanguka. Wa pili, Aikande, alipewa masikio. Ukizungumza naye, alisikia ulichosema na ulichokiacha. Wa tatu, Naserian, alipewa ulimi. Neno ambalo watu wazima walilizunguka siku nzima, yeye alilisema kabla hajaketi.

Baba yao ni Mwinjilisti Aminirabi Nkya, mtu wa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Alipokuwa kijana kanisa lilimtuma kuhubiri kwa Wamasai wa nyika ya Simanjiro, mahali paitwapo Lorumwa. Alikwenda na mkewe, Bi Eliaichi. Huko hapakuwa na shule. Nderingo alipofika umri wa kusoma, wakamrudisha mlimani kwa bibi yake. Aikande alipofika umri huohuo, wakampeleka shule ya bweni. Mwaka alioondoka Aikande, mwanamke wa boma la jirani alifariki akijifungua, na mtoto akaletwa kwa Bi Eliaichi akiwa amefungwa katika shuka. Huyo ndiye Naserian. Yeye hakupelekwa popote, kwa sababu alipofika umri wa kusoma, Lorumwa ilikuwa na shule. Aliyeijenga ni Mwinjilisti.

Sasa sikilizeni kosa la wazee hao wawili.

Mvua ikinyesha na vumbi likatulia, ukiwa Lorumwa unauona mlima. Aminirabi alipojenga nyumba aliweka mlango upande wa kusini, na ukuta wa kaskazini hakuutoboa dirisha. Alimwambia mkewe kwamba mjumbe anayeamka akitazama kwao atahubiri kwa nusu ya moyo. Mkewe akakubali. Katika nyumba ile neno "nyumbani" lilikuwa na maana ya Lorumwa. Machame iliitwa "kule".

Hilo si kosa, ni kazi tu. Kosa ni kwamba kila mmoja wao aliweka ahadi moyoni. Aminirabi alimwahidi Mungu kwamba hatataja kurudi mpaka mkewe ataje, kwa kuwa ndiye aliyemtoa kwao, na hakutaka kumwamulia mara ya pili. Eliaichi alimwahidi Mungu kwamba hatataja kurudi mpaka mumewe ataje, kwa kuwa aliogopa kuwa mke aliyemvuta mume kutoka katika kazi ya Bwana. Wote wawili waliomba jambo moja, kila mmoja kwa siri: mwenzangu awe na amani hapa. Kila mmoja alipomwona mwenzake amenyamaza, alishukuru kwamba ameomba na amejibiwa.

Aminirabi alipostaafu, kanisa lilimwambia achague pa kuishi. Yeye akajibu kwamba mama amekwisha kupazoea. Mchungaji akamuuliza mama, naye akajibu kwamba Mzee hawezi kuishi bila watu wake. Mchungaji akaona ndoa zenye kusikilizana namna ile ni chache. Akaondoka, na wao wakabaki.

Sasa sikilizeni walichofanya watoto.

Nderingo aliishi na bibi yake katika kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Bibi alipofariki nyumba ikawa tupu, na ndugu wakaitazama. Vihamba vimekatwakatwa kwa vizazi, hakuna aliyebaki na cha kumtosha. Baba yake mdogo, Mzee Kisanga, alimwambia bila kumficha: "Baba yako amekuwa Mmasai. Nyumba isiyo na moshi ni ya mchwa. Tuachie sisi." Nderingo alikuwa na mke na watoto, na nyumba yake mwenyewe huko chini barabarani. Hakubishana. Kila Jumamosi alipanda na kuni, akawasha moto katika nyumba ile ya wazazi, akakaa mpaka moshi utoke nje majirani wauone. Alibadilisha mabati. Migomba iliyozeeka aling'oa na kupanda mingine. Aliitwa kazini Arusha, kazi ya mshahara, akakataa, na mkewe hakusema naye kwa muda. Krismasi wana wa Machame wanaporudi kutoka kila mji, alichinja mbuzi, akaitenga sehemu ya baba, na sehemu ile ililiwa na Mzee Kisanga kila mwaka, tena bila aibu. Nderingo hakujua kama wazazi watarudi. Hakuna aliyemwambia watarudi.

Aikande alikuwa muuguzi hospitalini mjini. Alikwenda Lorumwa kwa likizo, na siku moja akakaa na baba yake kibarazani akimkata kucha. Baba akamwambia kwamba hapa wapo vizuri, mama hana shida. Kisha akamuuliza kama mfereji wa maji bado unapita chini ya kanisa la kule, au waliugeuza. Aikande akajibu haujageuzwa. Baba akauliza kama maji yake bado ni ya baridi. Kesho yake alikuwa na mama, wanachambua mchele. Mama akamwambia kwamba hapa wapo vizuri, baba ana watu wake. Kisha akataka kujua, ile migomba ya nyuma ya nyumba aliyoipanda alipoolewa, kuna aliyeihamisha? Na ndizi zake siku hizi wanapikia mtori, au wanauza tu?

Mtu mwingine angesikia wazee wakipiga soga. Aikande alisikia kilichokuwa chini. Tena aligundua kwamba baba huenda nyuma ya nyumba asubuhi kutafuta kuni ambazo zimejaa jikoni, na mama huenda nyuma ya nyumba baadaye kuanika nguo ambazo zimekwisha kukauka. Na nyuma ya nyumba ndiko uliko mlima.

Lakini Aikande ni muuguzi, amezoea kutunza siri za wagonjwa, na kila mzee alikuwa amemwambia, usimsumbue mwenzangu na maneno haya. Akashindwa kusema mezani. Alipokuwa anaondoka, Naserian alimsindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo alipomwambia: "Wote wawili wanataka kurudi. Kila mmoja anamngoja mwenzake." Akapanda gari. Hakumwambia afanye nini.

Naserian alikuwa mjane, boma lake liko hatua chache kutoka kwa wazee. Kila asubuhi aliwaletea maziwa. Alikunywa nao chai, aliimba nao jioni, alimbeba mama mgongoni mto ulipojaa. Nderingo na Aikande waliwapata wazazi wao kwa likizo tu. Yeye alikuwa nao kila siku, maisha yake yote. Sasa amepewa neno ambalo akilisema, nyumba ile itafungwa.

Akalibeba. Maziwa aliyaleta kama kawaida, ila hakuketi. Mama akamuuliza kama ameudhiwa na mtu. Akasema hapana. Mzee akatania kwamba leo ulimi wa Naserian umekwenda malishoni, ng'ombe ndio wamebaki nyumbani. Hakucheka.

Kisha siku moja, mchana, wazee wakiwa wanakula, aliingia na kusimama.

"Baba, unataka kwenda kwenu," akasema. "Yeyo, na wewe unataka." Yeyo ndivyo Wamasai wanavyomwita mama. "Mmekuwa kama ng'ombe wawili mlangoni mwa zizi. Huyu anampisha yule, yule anampisha huyu, na mvua inawanyeshea nyote."

Mzee akaweka kijiko chini. "Mama Nderingo, ni kweli?"

"Kwani wewe?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

"Umeuliza leo," Bi Eliaichi akasema. "Mimi nangoja uulize tangu Nderingo ana meno ya utoto."

Walionieleza wanasema wazee hawakulia wala kukumbatiana. Mzee alikaa akiutazama ule ukuta usio na dirisha. Baadaye akasema, kama anayejisemea, "Nilidhani tunamngoja Mungu." Mkewe akamjibu kwamba huenda Mungu naye alikuwa anawangoja wao wamalize kupishana. Hapo akacheka kidogo, na akamwambia Naserian aketi ale. Naserian akasema ameshiba, akaenda kwa ng'ombe wake.

Waliondoka kabla ya Krismasi, kwa pikapu ya kanisa. Naserian aliwasindikiza, na Aikande aliomba ruhusa akawapokea njiani. Walipofika kwenye mpaka wa kihamba, Mzee aliomba asimamishiwe gari. Mpakani pameota masale, ule mmea ambao Mchaga akikukosea hukuletea jani lake kuomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kulikataa. Kwa kawaida mtoto ndiye humpelekea mzazi. Mzee akachuma jani, akapanda nalo mpaka mlangoni. Nderingo alikuwa amewasha moto. Mzee akampa jani kwa mikono miwili. Nderingo akalipokea, akaliangalia, akawaambia waingie, chai inapoa.

Mbuzi akachinjwa, na safari hii sehemu ya baba ililiwa na baba. Mzee Kisanga alilalamika kwamba amezoeshwa vibaya na sasa ananyang'anywa uzeeni. Watu wakacheka. Ndipo Bi Eliaichi akasema lililokuwa limebaki.

"Nyumba ina vyumba viwili," akasema. "Kimoja ni chetu. Sisi si wa kukaa peke yetu tena, macho ya baba yenu mnayaona yalivyofifia. Aliyeturudisha huku ndiye akae nasi. Wengine watakuja Krismasi, kama watu wote."

Wote watatu walikitaka chumba kile. Msidhani walitaka migomba. Walitaka jioni: sauti ya baba akitaja majina yao katika sala, na mama akiuliza nani bado hajala.

Nderingo, ambaye haongei sana, aliongea. "Mngerudi wapi? Pangekuwa na kichaka hapa, au nyumba ya baba mdogo. Nililala mbali nanyi tangu utotoni. Nikiwa mtoto nilikuwa nawasha moto huu na bibi, nikijidanganya kwamba mama yuko jikoni. Yuko jikoni sasa. Nami niende chini barabarani?"

Aikande alisema nyumba ingeweza kusimama mpaka mwisho wa dunia na wazee wangezikwa Lorumwa, kama asingesikia. Alisema yuko tayari kuacha kazi mjini. Wenzake walilelewa, mmoja na bibi, mwingine na mama. Yeye alilelewa na kengele. Alijifunza kusikiliza kwa sababu bwenini, taa zikizimwa, alikuwa akitega masikio aone kama atakumbuka sauti ya mama yake, na usiku mwingine hakuikumbuka.

Wakamgeukia Naserian. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta maneno.

"Mimi sikunyimwa kitu," akasema. "Hilo ni kweli, na msiniambie, nalijua. Hawa walilia kwa sababu hawakuwa nanyi. Lakini ninyi mlima huu mliukosa kwa kutojua, kila mmoja, moyo wa mwenzake. Mimi ninawakosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningenyamaza, Yeyo, asubuhi hii ningekuwa nakuletea maziwa."

Ukoo ukagawanyika. Wako waliosema Nderingo amekwisha kulipwa: amepewa jani la masale na baba yake mbele ya watu, na nani mwingine Machame nzima amewahi kupewa? Wengine wakasema jani lile huomba msamaha, halilipi kazi, na mtu hawezi kulipwa na aliyemkosea kwa kuambiwa nisamehe, kisha akafungiwa mlango. Mwanamke mmoja wa upande wa Bi Eliaichi akasema Aikande alivunja siri za wazazi wawili ili kuwaponya, na siri ya mzazi ni mzigo mzito kuliko mabati. Akajibiwa kwamba aliivunja barabarani na kupanda gari, mzigo akamwachia mdogo wake. Kuhusu Naserian, wako waliosema ana boma, ana ng'ombe, na siku zake na wazazi alikwisha kuzipata nyingi kuliko wote. Mzee Kisanga, ambaye hamkutegemea awe upande wa Naserian, akauliza: "Aliyetoa kitu alichokuwa nacho, na aliyetoa kitu alichokuwa anakitaka, nani katoa zaidi?"

Mwinjilisti aliyewahubiria watu kwa lugha mbili alikaa na fimbo yake, hakusema neno. Bi Eliaichi alikuwa amekwisha kuingia ndani. Walimsikia akifagia chumba cha pili, akitandika kitanda, kisha akatoka na kusimama mlangoni akiwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na mkononi ameshika blanketi moja.

Mwenye mikono aliwawekea pa kurudi. Mwenye masikio alijua kwamba wanataka kurudi. Mwenye ulimi aliwapa ruhusa ya kurudi. Toa mmoja, na wazee wako Lorumwa hadi leo.

Mama bado amesimama mlangoni. Haya, ninyi mliosikia: blanketi lile mngempa nani?