Kishindo cha Handaki la Kigongwe

Nina kesi ya ndugu watatu wa tumbo moja, nanyi mtanisaidia kuimaliza.

Mdachi, mkubwa wao, alikuwa fundi wa kuchomelea, chuma kilimtii. Nyamizi, wa kati, alikuwa na sikio lisilopitwa na kitu. Sekwao, kitinda mimba, alikuwa injinia wa reli, na mama yao hakuchoka kulitaja neno hilo. Kila alipolitaja, Mdachi alihisi kifua kinamchoma.

Treni ya mwendokasi ilipoanza kupita kwenye handaki lililochimbwa ndani ya mlima Kigongwe, nyumba ya Nyamizi, iliyokuwa upande wa kutokea, ikawa inatikiswa na kishindo kama cha baruti. Mafundi wakadai treni inagonga kitu inapotoka. Nyamizi akakataa.

"Kinalia kabla haijatokea. Na siku ikiingia polepole kule ng'ambo, huku kimya."

Hapo Sekwao akaelewa. Treni ikiingia kwa kasi huisukuma hewa ghafla, kama pampu ya baiskeli, na msukumo huo hutangulia kulipuka upande wa pili. Akachora banda pana la chuma la kuunganishwa na mdomo wa kuingilia, ili hewa ibanwe taratibu. Mdachi akalichomelea. Kishindo kikapungua nusu, na watu wakambeba Sekwao juu juu.

Mdachi alishaona kilichobaki. Alikuwa amefungua eksozi nyingi, yale mabomba ya moshi ya malori. Ndani mna matundu ya kupunguza kelele. Banda nalo lilitaka madirisha ubavuni, hewa ipumue. Lakini akanyamaza, akisema moyoni: "Si yeye ndiye injinia? Atafute."

Siku ya tisa kishindo kilichobaki kiliangusha dari juu ya Nyamizi, ikamvunja mkono. Mdachi alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. "Niruhusu nitoboe." Akakata madirisha sita. Treni iliyofuata ilipoingia, Nyamizi alisikia pumzi tu.

Wakuu wa reli wakaamua banda lipewe jina la mtu mmoja, liandikwe kwenye kibao.

"La injinia wangu," mama akasema.

"Injinia!" Mdachi akafoka mbele ya wote. "Madirisha niliyajua mimi tangu siku ya kwanza!"

Nyamizi akageuka, mkono ukining'inia kwenye kitambaa.

"Tangu siku ya kwanza, kaka?"



Haya, ninyi mliosikia yote: kama kibao kingekuwa mikononi mwenu, mngeandika jina la nani?