Mlango wa Bi Sungura

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaazimana chumvi na kusengenyana juu ya ua, mto wa Bondeni ulikuwa na tabia mbaya. Masika yakianza ulifurika, ukafunga njia, na soko likabaki ng'ambo. Aliyekuwa na kitu ndani alikula, na asiyekuwa nacho alihesabu mbavu zake. Masika yaliyopita watoto wa Bi Sungura walishinda wakinyonya vidole, na mama yao akaapa kwa masikio yake yote mawili kwamba jambo hilo halitarudi tena.

Kuapa ni rahisi, shida ni mfuko. Bi Sungura alikuwa mjane, akiishi kwa vibarua vya kupalilia mashamba ya watu, na alichopata asubuhi kiliisha jioni. Basi akatumia akili, maana hiyo haiuzwi dukani. Sokoni hakwenda mapema na wenye pesa zao. Alikwenda wauzaji wakikunja majamvi, mihogo iliyovunjika na maembe yaliyobonyea yakiuzwa kwa bei ya kutupa.

Mihogo aliimenya, akaipasua na kuianika juu ya paa mpaka ikawa makopa, makavu hata ukiyagonga yanalia. Maembe aliyakata vipande akayaanika nayo. Mlenda aliuchuma porini bure, akaukausha na kuusaga. Kunde alizichanganya na majivu ili wadudu wasizione tamu. Na kila alipotaka kupika, konzi moja ilitoka kwenye sufuria ikarudi kwenye chungu cha akiba.

"Mama, hiyo konzi ni yangu!" kitinda mimba wake alilia.

"Ni yako, mwanangu. Utaila mto ukifurika."

Hata kuni hakununua. Kila aliyetoka nyumbani kwake alirudi na kijiti, hata aliyetoka kwenda chooni. Wingu la kwanza lilipotanda, chungu kilikuwa kimejaa, kibuyu cha chumvi kimezibwa, na kuni zimepangwa mpaka uvunguni. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, nacho ni mlango. Ule wa zamani ulioza, na fundi alitaka bei ya kununulia ng'ombe. Bi Sungura akatundika mkeka uwazini, na kila alipoutazama alipiga hesabu ya mvua. Upepo ukivuma kutoka mtoni, mvua ingeingia moja kwa moja, vitu vikavu vingelowa na kuota ukungu, na watoto wangerudia vidole vyao.

Jirani yake Fisi yeye hakuwa na wasiwasi. Aliokota mzoga wa nyati, akaumaliza mpaka kwato, akajilaza uani kupiga mbweu.

"Jirani, mbona unaanika takataka?" alimcheka Bi Sungura. "Mimi akiba yangu ipo hapa tumboni. Nani ataiba?"

Lakini tumbo la Fisi halijui kuweka. Mvua ilipoanza, lilikuwa limeshabonyea, linamwita kwa jina.

Asubuhi moja ya manyunyu, Kanga alikuja mbio kwa Bi Sungura, manyoya yamemsimama.

"Bi Sungura wee! Nimekaguliwa!"

"Umefanywa nini?"

"Fisi! Kajifunga ukanda wa majani, kashika fimbo, anasema Mzee Simba kamteua kuwa Mkaguzi wa Akiba. Kamaliza karanga zangu zote! Namuuliza ukaguzi vipi, ananijibu, 'Zimepita.' Zimepita wapi? Ananionyesha koo!"

"Na kwa Ngiri je?"

"Kwa Ngiri maboga yamepita, mbegu zimepita, na kapu nalo nusura lipite. Sasa yuaja kwako. Mimi naenda kumuuliza huyo Simba mwenyewe!" Kanga akaondoka, akipiga kelele njia nzima.

Bi Sungura akapima nguvu zake. Taya moja ya Fisi ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake yeye, kwa hiyo ugomvi haukuwa na maana. Akatazama chungu. Akatazama watoto. Kisha akatazama mtungi uliokuwa chini ya mchirizi wa paa, unafurika maji, na masikio yake yakaanza kusimama polepole. Watoto walijua masikio ya mama yao yakisimama hivyo, kuna mtu atajuta.

"Nyinyi," aliwaambia, "kwa mtakayoyaona leo, atakayecheka hatapata embe."

Mara mkeka ukasukumwa. Fisi akapenyeza kichwa, akanywea, akaingia kwa tabu kidogo.

"Kwa amri ya Mzee Simba!" alinguruma. "Chungu kifunuliwe!"

"Karibu, Bwana Mkaguzi, wanyeshewa nini huko nje? Kaa kitako. Tena ningekupikia, ila naona aibu. Kupikiwa ni mambo ya wageni. Mkaguzi wa kweli huonja kitu kama kilivyo, kikavu."

Fisi hakuwahi kusikia jambo hilo, lakini hakutaka ijulikane. "Ndiyo kanuni," alisema. "Nilikuwa nasubiri tu nione kama unaijua."

Bi Sungura akamtilia bakuli moja, la makopa, kunde na vipande vya embe. Fisi akatafuna, kra, kra, kra, nyumba nzima ikasikia. Bakuli likaisha kabla mate hayajakauka.

"Hiki ni kiasi cha kumuonjesha panya! Lete chungu!"

"Chungu ni chako, bwana wangu. Lakini kitu kikavu utamu wake uko kwenye maji. Shushia kwanza, ndipo utajua ladha."

Akampa kata ya maji. Fisi akanywa. Akampa nyingine. Watoto wakapokezana kuchota mtungini, mashavu wameyafutua kwa kuzuia kicheko, na Fisi akanywa kwa pupa, maana karanga za Kanga zilikuwa na chumvi. Alipotosheka alijifuta mdomo, akanyoosha mkono mmoja kwenye mfuniko wa chungu.

Bi Sungura akautupia jicho mtungi. Je, kama maji hayakutosha?

Fisi akafunua chungu. Akaingiza mkono. Hapo tumbo lake likasema, "Guruuuu."

"Nani huyo?" aliuliza Fisi.

"Sikusikia mtu," alijibu Bi Sungura.

Mwanamke yeyote apikaye kunde anajua kwamba konzi moja kavu hujaza sufuria. Fisi hakuwahi kupika. Tumbo likapanda, likatambaa pembeni, ukanda wa majani ukakatika, pwaa! Akautoa mkono chunguni mtupu, akajishika mbavu, akazungusha macho.

"Bi Sungura," alisema kwa sauti ndogo, "mbona nyumba yako inapungua?"

"Labda ni mvua, Bwana Mkaguzi."

"Nitarudi kesho kumalizia," alisema Fisi, akajitupa kwenye uwazi wa mlango. Kichwa kikatoka. Mabega yakatoka. Tumbo likakataa katakata. Akasukuma mbele, wapi. Akarudi nyuma, wapi.

Kitinda mimba akaushika mkia uliobaki ndani. "Mjomba Fisi, usipumue!"

Ndipo upepo ukageuka, ukaja kutoka mtoni kwa kishindo, na mvua ikalala kifudifudi. Ilipiga nyumba mbele kabisa, pale pale Bi Sungura alipokuwa akipaogopa. Akarukia chungu, akakikumbatia, akafumba macho, akasubiri kulowa. Hakulowa. Akafumbua jicho moja. Hakuna tone lililoingia. Uwazi mzima ulikuwa umezibwa na matako ya Fisi, hayana hata upenyo wa kupitisha unywele.

Bi Sungura akakaa juu ya kuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Watoto nao wakaruhusiwa, wakacheka wakigaragara. Huko nje Mkaguzi alipokea mvua yote usoni, na ndani kunde zikachemka, embe zikagawiwa, na mkia ukatundikwa mwiko.

Mvua ilipokatika, Simba aliwasili na Kanga, manyoya ya shingo yamemlowa na kumganda, lakini mwendo ni ule ule wa maringo. Alisimama mbele ya kichwa cha Fisi, akakitazama.

"Fisi," alisema, "tangu lini unavaa nyumba?"

"Ni-nipo kazini, Mtukufu."

"Kazi ya nani?"

"Yako, Mtukufu! Ukaguzi. Kwa amri yako."

"Amri yangu?" Simba akatunisha kifua. "Mimi, nitume mtu akanionjee karanga? Kama ni kuonja, Simba huonja mwenyewe!"

"Na karanga zangu!" alidakia Kanga. Simba akanguruma, Fisi akafunga macho, na hukumu ikatoka hapo hapo. Masika yakiisha, Fisi atachimba mihogo, ataimenya, ataianika kwa kila nyumba aliyoikagua, na atakaa juu ya paa akiigeuza mpaka ikauke, mdomo umefungwa kwa kitambaa.

"Hukumu nzuri, Mzee," alisema Bi Sungura kutoka ndani, "ila mfungwa wako bado ni ukuta wangu."

Akaloweka konzi ya mlenda, ukavimba, ukateleza kama unavyoteleza mlenda, akampaka Fisi kiuno kizima. Simba akamshika masikio, watoto wakasukuma nyuma. Moja, mbili, pwaa! Fisi akachomoka, akampiga mfalme dafrau, wote wawili wakaingia topeni.

Simba aliinuka polepole, akitafuta heshima yake. Hapo tumbo lake likanguruma.

"Radi," alisema haraka.

Kanga akatazama juu. Mbingu zilikuwa nyeupe pe.

"Radi ya aina hiyo huwa inatulizwa kwa bakuli," alisema Bi Sungura. "Karibu ndani, Mzee." Akapika konzi mbili, sufuria ikajaa, na Simba, ambaye maisha yake yote alidai wafalme hawali kunde, aliomba aongezewe mara aliposhinda haya. Kanga naye hakurudi mikono mitupu. Mto ukafurika, ukakaa, ukapungua, Fisi akiitwa kuziba uwazi kila upepo ulipovuma kutoka mtoni, na hakuna mtoto wa Bi Sungura aliyenyonya kidole.

Kiangazi kilipofika, watu waliona nyama ikikaushwa nyuma ya pango la Simba, kwa siri, imefunikwa kwa matawi. Na juu ya paa la Bi Sungura alikaa Fisi, mdomo umefungwa, anageuza makopa huku machozi ya tamaa yakimtiririka.

"Mama," aliuliza kitinda mimba, "chakula tunacho, kuni tunazo. Sasa mlango tutanunua lini?"

Bi Sungura akanyoosha kidole juu. "Mlango tunao, mwanangu. Ule pale, unaanika mihogo."

Akiba haiozi.