Kiti Kimoja Ndani ya Gari la Siwema

Sogeeni karibu. Nina kesi ya watu watatu, na nimeizungusha kwa wengi bila kupata wawili waliokubaliana. Sikilizeni hadi mwisho, kisha mniambie nyinyi.

Watu hao walipenda mbio za magari. Sisemi zile za kwenye runinga. Nasema zile za barabara za udongo, ambapo mtu husimama kwenye jua saa mbili nzima ili aone gari likipita kwa sekunde nne, kisha abaki anapangusa vumbi usoni huku anacheka.

Wa kwanza ni Vumilia Chaula, mjane wa Mafinga, wilayani Mufindi, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Alikuwa amekaa na mashine ile miaka kumi na tisa, na sikio lake lilikuwa limeizoea kama mama anavyozoea kilio cha mwanawe. Hata akiwa nyuma ya nyumba anaanika mahindi, alijua kwa mlio tu kwamba mkanda umelegea, au kwamba nafaka imekwisha na kinu kinasaga hewa.

Wa pili ni Ezekia Sanga. Yeye aliendesha malori ya magogo katika misitu ya misonobari ya Mufindi miaka thelathini na mmoja, mpaka akastaafu. Kila kona ya msitu ule alikuwa nayo kichwani, pamoja na barabara zilizokwisha kufa na kuota nyasi.

Wa tatu ni Atupele Mwaisaka, binti wa miaka ishirini na mitatu, mchuma chai. Umbo lake lilikuwa dogo, ila kutwa nzima aliweza kusimama kwenye mteremko, vidole vinakwenda, mikono isilegee.

Walikutana Tanga, raundi ya kwanza ya msimu, kwenye mashamba ya mkonge. Mvua ilikuwa imewakimbiza watazamaji, wao wakajikuta chini ya turubai moja. Vumilia akafungua chupa yake ya chai ya tangawizi. Kikombe kilikuwa kimoja, kikazunguka.

"Mmetoka wapi wenzangu?" akauliza.

"Mufindi," akajibu Ezekia.

"Mufindi," akasema Atupele.

Vumilia akacheka hadi chai ikamwagika, akawasalimia kwa lugha ya kwao. "Kamwene! Kumbe tumepanda basi siku nzima kuja kufahamiana Tanga?"

Na wote watatu walikuwa wamemfuata dereva mmoja, Siwema Kihwele, mwenye gari jeupe namba saba. Aliyekaa kushoto kwake akimsomea ramani alikuwa mumewe, Denis.

Tangu siku hiyo hawakuachana. Morogoro walikwenda pamoja, Arusha pamoja. Ezekia alibeba vigoda vitatu alivyovichonga mwenyewe. Atupele alikwenda mbele kutafuta mahali pazuri pa kusimama. Vumilia alipika. Tangu amzike mumewe, hakukuwa na mtu wa kumwuliza kama amefika salama anaposafiri. Sasa, kila akishuka kwenye basi akirudi Mafinga, simu ilikuwa inalia, ni Atupele: "Mama, umefika? Babu anauliza." Akaanza kuhesabu miezi kwa raundi.

Raundi ya mwisho ikaja nyumbani, Mufindi. Siwema alikuwa anaongoza kwa pointi. Alihitaji kumaliza tu. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mzito, miti ya hatua kumi mbele haikuonekana. Wale watatu walikaa kwenye vigoda vyao karibu na msimamizi wa kona, wakisubiri.

Mlio ukasikika mbali, unapanda kilima.

"Siwema huyo!" Atupele akaruka.

"Tulia kwanza," Vumilia akasema.

Mlio ulifika juu, ukatulia kidogo, kisha ukapaa ghafla, mwembamba, mtupu. Halafu kimya. Dakika mbili baadaye gari jeupe likachomoka ukunguni, likapita. Namba haikusomeka kwa ukungu, lakini msimamizi akaweka alama kwenye karatasi: namba saba.

Vumilia alikuwa ameshasimama. "Huyo si yeye."

"Mama, ni gari jeupe, nimeliona."

"Meupe yako mengi, mwanangu. La Siwema hukwaruza akipunguza gia, hili halikukwaruza. Siwema ameacha barabara. Injini yake imelia kama kinu kinachosaga hewa. Magurudumu hayakuwa yamegusa kitu."

Msimamizi alijaribu redio yake, ilikoroma tu. Akabaki anaitazama. Lakini Ezekia hakuuliza mara mbili.

"Nioneshe kwa mkono sauti ilikotokea. Ilikuwa inapanda au inashuka?"

"Ilikuwa imemaliza kupanda."

"Basi ni kona ya kiwanda cha mbao cha zamani. Enzi zetu barabara ilikata kushoto, siku hizi inakata kulia. Kwa ukungu huu, atakayefuata uwazi wa miti ataingia korongoni." Akaokota fimbo yake. "Barabarani hatuwezi kupita, magari yanakuja. Ipo njia tuliyokuwa tunaburuzia magogo. Dada, niruhusu nikushike bega."

Wakaingia msituni. Njia haikuonekana, ila Ezekia alikuwa anaitaja kabla hawajaifikia: hapa kuna mtaro, hapa tunapinda, sasa tunashuka. Mkono wake ulikaa begani kwa Vumilia muda wote, na Vumilia alidhani ni uzee na utelezi.

Gari walilikuta chini ya korongo, limelala chali. Siwema alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, mkono umevunjika, anaita, "Denis! Denis, nijibu!" Denis hakujibu. Chuma kilikuwa kimempasua paja, na damu ilikuwa inatoka kwa kuruka.

Dirisha la upande wa Denis lilikuwa limebanwa, likabaki na uwazi mdogo. Vumilia hakuenea. Ezekia hakuenea. Atupele akavua sweta, akajisukuma ndani kichwa kwanza, akalala juu ya vioo, akaikunja sweta ile na kuikandamiza kwenye jeraha kwa mikono yote miwili.

"Nendeni mkaite gari la wagonjwa," akasema. "Mimi siachii."

Ezekia akarudi peke yake, hakuna bega la kushika. Vumilia alibaki, akapitisha mkono kwenye dirisha la dereva na kumshika Siwema vidole.

"Mama, amekufa?"

"Hajafa. Namsikia anapumua."

"Kweli unamsikia?"

"Mimi sikio langu halinidanganyi, mwanangu. Anapumua."

Dakika arobaini zilipita. Mikono ya Atupele iliingia ganzi, lakini vidole havikulegea. Hatimaye sauti za watu zikasikika juu, na mbele yao Ezekia, suruali imechanika magoti yote mawili, uso umekwaruzwa na matawi, anawaelekeza wabeba machela.

Daktari aliyempokea Denis alisema maneno yasiyo na mzunguko. "Kama mngechelewa kidogo, mngekuja kuchukua maiti. Na kama mmoja wenu angebaki nyumbani leo, mngechelewa."

Msimu ule Siwema hakuupata ubingwa. Miezi ikapita, mkono ukaunga, Denis akaanza kutembea kwa mkongojo. Msimu mpya ulipokaribia kufunguliwa Iringa, Siwema akawaita wale watatu siku moja kabla ya mashindano, siku ya majaribio. Gari lilikuwa pale, jipya, jeupe.

"Shikamooni," akasema. "Denis bado hajaruhusiwa kukaa humu. Kesho anaanza msoma ramani mwingine. Leo kiti chake kiko wazi kwa mzunguko mmoja, kwa kasi ya mashindano, na sheria inaruhusu mgeni mmoja. Sina kitu kingine cha thamani. Wiki tatu nimelala na jambo hili nimeshindwa. Mimi moyo wangu unamwelekea Babu, maana alirudi peke yake kwenye ukungu ule. Denis anasema ni Mama, maana bila sikio lake wengine wangebaki kwenye vigoda. Na daktari kila tukimtembelea anauliza habari za Atupele tu. Naomba mwamue wenyewe."

Ezekia akawahi. "Akae Atupele. Klabu ya Iringa imemwambia wazi: akiletwa na dereva mwenye leseni, aliyekaa naye kwa kasi ya mashindano na kumwekea saini, watamjaribu kama msoma ramani. Binti huyu ana maisha mbele."

"Babu, usinisemee," Atupele akasema, macho yamejaa. "Akae Babu. Mama, hujaambiwa. Babu ana presha ya macho. Alipokushika bega siku ile, kwenye ukungu ule, alikuwa haoni. Daktari wa macho amesema mwaka huu hautakwisha, giza litakuwa limefunga. Mimi nitaomba mwaka mwingine. Yeye mwaka mwingine hana."

Vumilia akageuka kumtazama yule mzee, akakumbuka magoti yaliyochanika. Aliyapitia makorongo yale mpaka barabarani kwa kupapasa!

"Na wewe, dada?" Ezekia akauliza kwa upole. "Unataka nini wewe?"

Hapo ndipo Vumilia alipobanwa. Hakuwa na ugonjwa wa kutaja. Hakuwa na kazi inayomsubiri. Alikuwa anataka tu. Maisha yake yote alikuwa amesikiliza mashine akiwa nje, unga umemjaa kwenye nyusi, nafaka ni ya wengine na safari ni ya wengine. Alitamani mara moja tu aisikie injini kutoka ndani, ikimchukua yeye. Akilinganisha na macho ya Ezekia na kesho ya Atupele, aliona aibu hata kulitamka. Lakini hakutaka kuwadanganya watu aliokunywa nao kikombe kimoja.

"Nataka kukaa," akasema polepole. "Sina sababu. Nataka tu."

Hakuna aliyecheka. Atupele akamshika mkono. Ezekia akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

"Hiyo nayo ni sababu," akasema. "Basi amua wewe, dada. Tutakachosikia kwako tutakipokea, hata ukijitaja mwenyewe. Hatutakununia."

"Hatutakununia, Mama," Atupele akasema.

Siwema akaiweka helmeti mikononi mwa Vumilia, akaingia garini, akawasha. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Msimamizi wa majaribio akainua vidole vitano: dakika tano.

Hapo ndipo kesi yangu ilipofikia. Mmoja alisikia, mmoja alijua njia, mmoja alishika na hakuachia. Mmoja anaishiwa na nuru, mmoja ana mlango wa kufungua, na mmoja ana hamu ambayo hajawahi kuipa nafasi maishani.

Injini inaunguruma, na dakika zinakwenda. Niambie wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe wa nyuma uliyenyamaza: helmeti ingekuwa mikononi mwako, ungemvisha nani?