Wageni wa Ndoo na Gogo la Jua

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliokwishashiba. Haya, sogeeni motoni. Na wewe uliyekalia kigoda changu, kaa tu, mradi ukijua ni changu. Leo nina habari za kukalia.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana ndoo za plastiki zilikwishakuwapo, palikuwa na ziwa dogo likiitwa Kitope. Maji yake yalitoka katika jicho moja la chemchemi, na katikati ya maji palilala gogo la mvule. Juu ya gogo hilo alikaa Bi Matope, kobe wa maji, mweusi wa gamba, asiye na uzuri wowote wa kusimuliwa. Kila asubuhi alizibua jicho la chemchemi kwa kucha zake, akala konokono wake, kisha akapanda gogoni kuota jua. Kobe wa maji asipopata jua, gamba huoza, na mayai tumboni hayapati nguvu. Bi Matope hakuwa na mali nyingine duniani ila nafasi yake gogoni, na mwaka huo alikuwa na mayai.

Sasa, mjini palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Nasra. Alikuwa na huruma nyingi, na huruma ni kama chumvi, ikizidi haliki chakula. Jirani yake alinunua kobe wa kigeni, mdogo kama kifungo cha koti, mwenye mistari miwili myekundu penye masikio. Bi Nasra naye akaona hawezi kuishi bila kobe.

"Huyu hakui," muuzaji akamwambia. "Atabaki hivi hivi maisha yake yote."

Kobe akawekwa sebuleni katika bakuli la kioo, akaitwa Johari. Akakua akawa kama kisosi. "Hakui huyu," akasema Bi Nasra. Akakua akawa kama sahani. "Hakui huyu, amenenepa tu." Akakua akawa kama sinia, sebule yote ikanuka, na mumewe, Bwana Makame, akahamia barazani na chakula chake.

"Mke wangu," akasema Bwana Makame, "ama kobe, ama mimi."

Bi Nasra akafikiri kwa muda mrefu kuliko mumewe alivyotarajia. Mwishowe akasema, "Kumuua siwezi, mimi nina imani. Nitamwacha huru, nipate thawabu."

Siku ya Ijumaa akamtia Johari kwenye ndoo, akaenda naye Kitope, akammwaga majini. Akajifuta chozi, akarudi nyumbani mwepesi. Thawabu za kumwaga ni rahisi, kwa kuwa uzito wake hubebwa na mwingine.

Huko ziwani palikuwa na ada moja isiyovunjwa. Mgeni hupewa gogo siku mbili, ajinyooshe juani, asiulizwe neno. Siku ya tatu hupewa jembe, yaani naye ashike zamu ya kuzibua chemchemi, na gogo lirudi kwa wenyewe. Jumbe Chura, mkuu wa ziwa, akawakusanya vyura wote, wakamwimbia mgeni:

Karibu mgeni, kwea juani,
gogo ni lako, jua ni lako,
siku ni mbili, ya tatu jembe.

Bi Matope akashuka, akampisha. Siku mbili si nyingi. Akaweka kokoto moja ukingoni, kesho yake akaweka ya pili. Siku ya tatu asubuhi akamwendea Johari.

"Mgeni wetu, siku zimetimia."

"Zimetimia nini?" akauliza Johari bila kufumbua jicho.

Kabla hajajibiwa, chubwi, ndoo nyingine ikamwagwa. Bi Nasra alikuwa amesimulia thawabu zake mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa na kobe wasiokua.

"Kaingia mgeni mwingine," akasema Jumbe Chura. "Tuanze kuhesabu upya. Tusije tukaambiwa watu wa Kitope hawana adabu."

"Na huyu wa kwanza, Jumbe?"

"Utawatenganishaje, Bi Matope? Ni ndugu hawa. Vumilia, siku mbili tu."

Vyura wakaimba. Kokoto ya kwanza, kokoto ya pili, na ya tatu haijawekwa, chubwi. Jumbe akaanza kuhesabu upya. Vyura wakaimba. Kokoto ya kwanza, kokoto ya pili, na safari hii zikaja ndoo saba kwa mpigo. Jumbe Chura akaona si uungwana kutaja jembe mbele ya wageni wengi namna ile, basi mstari wa mwisho wa wimbo ukaachwa.

Wageni wakala. Wakala konokono, wakala mayungiyungi, wakala viluwiluwi.

"Watoto wa siku hizi," akalalamika Jumbe Chura, "hawaonekani nyumbani. Sijui wanacheza wapi."

"Watarudi tu," Johari akamfariji, na kijimkia kikining'inia bado mdomoni mwake.

Mwenye jembe akabaki mmoja, Bi Matope. Alizibua chemchemi kwa ajili ya wote, akarudi kuketi kivulini. Gamba lake likaanza kulainika pembeni, likatoa harufu. Alikuwa na hasira, na aliona haya kuwa na hasira, kwa sababu alilelewa akiambiwa mgeni ni baraka. Lakini siku moja aliyahisi mayai tumboni, mazito na baridi, akajiambia, "Haya hayajui adabu. Yanajua jua tu." Akaogelea moja kwa moja hadi gogoni, akapanda.

Wageni wa masikio mekundu, ambao kwa ndoo zilizofuata walikwishafika kumi na tisa, wakageuza shingo kwa pamoja.

"Jamani," akasema Johari, "tumepata mgeni."

Nao, kwa kuwa wimbo walikuwa wameusikia sana, wakamwimbia:

Karibu mgeni, kwea juani,
gogo ni letu, jua ni letu,
siku ni mbili, ya tatu jembe.

"Mimi si mgeni," akasema Bi Matope. "Nimezaliwa hapa. Kokoto zangu zile pale ukingoni."

"Wageni wote husema hivyo," akajibu Johari. "Lakini sisi tuna adabu zetu. Kaa siku mbili."

Bi Matope akamtazama Jumbe Chura. Jumbe akatazama maji. "Shukuru, Bi Matope," akasema. "Siku mbili si haba."

Akakaa. Jua likamwingia mgongoni, tamu mpaka akalia. Siku ya tatu wakamsukuma majini akazibue chemchemi, kwa kuwa ilikuwa imeziba na wageni hawapendi maji machafu. Bi Matope hakwenda. Akatambaa hadi nchi kavu, atafute jua la pembeni.

Siku hiyo hiyo Bi Nasra akaja na mumewe kuangalia kheri yake ilivyostawi.

"Tazama," akasema, "Johari wangu kapata jamaa. Hivyo ndivyo sadaka inavyozidishwa." Kisha akamwona Bi Matope udongoni. "Na huyu mweusi? Wenzake wote wana masikio mekundu. Mgeni huyu, maskini. Kuna mtu asiye na huruma amemtupa hapa."

"Mwache," akasema Bwana Makame. "Pengine ndiye wa hapa."

"Wa hapa si wale unaowaona? Nitamwokoa."

Akamtia kwenye ndoo. Bakuli la kioo lilikuwa limeoshwa na kukauka, likimngoja. Lilikaa kona ya sebule, mahali jua lisipofika. Mwezi ukapita, Bi Nasra akamsifia kwa majirani, "Huyu kweli hakui," na mara hiyo alisema kweli.

Bi Matope akataga mayai matatu juu ya kioo. Hayakuanguliwa. Bi Nasra akafurahi sana kwa weupe wake, akayapanga kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Hadithi yangu imeishia hapo, kabatini. Ikiwa njema, nendeni nayo nyumbani. Ikiwa mbaya, nirudishieni mwenyewe, msiende kuimwaga kwa jirani. Na wewe uliyekalia kigoda changu, nimehesabu, leo ni siku ya tatu. Jembe liko nyuma ya mlango.