Vuai na Maji ya Bustani ya Sultani

Hapo zamani, masika yalipokuwa yakiingia hayaulizi ruhusa ya kutoka, alikuwako sultani mmoja wa pwani aitwaye Ghalibu, mwenye nyumba ya ghorofa na maringo yasiyo na paa. Mbele ya nyumba hiyo palikuwa na bustani ya asumini na mawaridi, na mtunzaji wake akiitwa Vuai, fukara mwembamba mwenye uso wa mtu ambaye hajaelewa alichoambiwa. Watu walimwita punguani. Mkewe, Bi Mize, akiwasikia huwatukana, kisha akirudi nyumbani humwita vivyo hivyo yeye mwenyewe.

Vuai hakujua mshahara. Kazi yake ilikuwa ya sinia: jioni jikoni kwa sultani humpakulia, naye huenda nalo kibandani kwake pembeni mwa bustani, akala na mkewe na wanawe.

Basi mwaka ule mvua ikanyesha asubuhi, ikanyesha mchana, na jioni yakaja manyunyu ya kuipumzisha mvua. Bustani ikawa bwawa, vyura wakahamia na jamaa zao. Vuai akijua kwamba udongo wa pale ukikanyagwa umelowa hushikamana kama sakafu, mizizi ikaoza; kwa hiyo hakutia jembe. Akakaa mbele ya kibanda, chini ya makuti, akinoa mapanga na kupanda vipandikizi vya waridi katika vifuu vya nazi, avilee mpaka jua litoke.

Sultani akamwona toka dirishani juu, mguu wake uliovimba kwa jongo umelazwa juu ya mto. Pembeni yake alikuwako Waziri Badawi, ambaye tumbo lake humtangulia mlangoni.

"Mtazame, maulana," akachochea waziri. "Amekaa mkavu kama samaki wa ng'onda, na jioni atakuja kulishwa!"

Sultani akatoa kichwa nje. "Ewe Vuai! Kazi yako iko mvuani, nawe umejificha makutini? Tangu leo, katika nyumba yangu, asiyelowa asile!"

"Labeka, maulana. Amri hiyo ni yangu peke yangu, au ni ya watu wote?"

"Ya kila mtu alaye chakula changu! Mimi sina upendeleo."

"Hana kabisa," akasema waziri, sambusa imemjaa kinywani.

Jioni ile sinia halikutoka. Watoto wakalala na uji mwepesi, na Bi Mize akalala na maneno mazito.

"Wewe punguani, kesho nenda ukalowe, tule!"

Ikawa kesho yake Vuai akaenda akasimama katikati ya madimbwi, mikono nyuma, hafanyi lolote, akalowa hata kope. Jioni sinia likaja limejaa pomoni. Akasimama hivyo siku baada ya siku, vipandikizi vyake vikikosa wa kuvitazama, na sultani juu akisema, "Sasa ndiyo kazi hii!" Hatimaye Vuai akashikwa na homa, meno yakigongana, naye akawa bado anasimama.

Basi zikaja habari kwamba wakwe watarajiwa wa binti wa sultani watafika kumtazama bibi arusi. Sultani akatazama bustani, akaona vyura wanaogelea palipokuwa na mawaridi. Akamwita Vuai ghorofani.

"Wakwe wa binti yangu wanakuja kesho. Yaondoe maji haya. Nikiona hata dimbwi moja, utahama kibanda kile wewe na mkeo na wanao, hata mvua isipokatika."

Vuai alijua kwamba nje ya kibanda kile hana hata ukuta wa kuegemea.

"Niyapeleke wapi, maulana?"

"Popote! Mradi mimi nikikaa dirishani hapa nisiyaone."

"Basi niruhusu nisimame hapo, nione anayoyaona bwana wangu."

Akasimama. Akageuza shingo huku na huku kama kuku.

"Umeona nini, punguani?" akauliza waziri.

"Naona njia, bwana waziri, naona kisima, naona na shamba lako. Kila mahali panaonekana, ila hapa chini ya miguu yetu."

Wakamcheka, wakamfukuza.

Na chini ya miguu yao palikuwa na ukumbi, ambao mtu huuingia kwa kushuka vipandio, na tuta la udongo lilijengwa mlangoni ili maji ya bustani yasiingie. Humo ndimo mabwana wa baraza walimoshinda masika yote, wakila pilau na kuwasema wasiokuwapo. Mchana ule, sinia ndiyo kwanza limefunuliwa, Vuai akachimba mfereji, kisha akalikata tuta.

Sultani juu akaona maji yanakimbia, madimbwi yanakauka, majani yanachomoza. Akapiga makofi. "Mashaallah! Mtu akikemewa hutenda!"

Hajamaliza, akasikia mayowe chini. Akateremka kwa mguu mmoja, na alipofika ukumbini akakuta mazulia yanaelea, sinia linazunguka kama mtumbwi, mabwana wamekunja kanzu wanapanda madirisha. Waziri Badawi, aliyekuwa ameshuka kula, alikuwa amekaa majini mpaka kifuani, hawezi kuinuka, na chura ametulia juu ya kilemba chake.

"Vuai!" sultani akanguruma. "Umefanya nini?"

"Nimetii, maulana. Uliniambia popote, mradi usiyaone ukiwa dirishani. Je, uliyaona?"

Sultani akauinua mguu wake wa jongo, maji yasiufikie.

"Tena niliingiwa na hofu kwa ajili ya amri yako. Ulisema asiyelowa asile, na kwamba huna upendeleo. Nami tangu masika yaanze nawaona mabwana hawa wanakula, na hakuna aliyelowa hata unyayo. Nikasema, amri ya bwana wangu inavunjwa ndani ya nyumba yake! Kwa kuwa wao hawaifuati mvua, nikawaletea."

Mabwana wakatazama maji. Sultani akawatazama mabwana, kisha akamtazama chura.

"Waziri, umelowa?"

"Nimelowa, maulana!" akalia waziri.

"Basi kula."

Hapo sultani akacheka hata jongo likamsahau. Akaifuta amri, akaagiza Vuai apelekewe sinia kila siku, anyeshewe asinyeshewe, na mabwana wakapewa majembe kuyatoa maji kwenda baharini; ndipo wengine walipojua jembe linashikwa upande gani.

Kesho yake, mvua ilipopumua kidogo, wakwe wakaona mazulia ya sultani yameanikwa juu ya ua wa bustani, wakadhani ni desturi ya mji, wakayasifu. Mpishi akawaeleza yote, na hakuacha hata chura.

Naye Vuai akarudi chini ya makuti yake, kwenye vifuu vyake, mkavu kama ng'onda. Hekaya imekatikia hapo. Mvua ndiyo haikukatika.