Kesi ya Nguva na Jarife la Fisi

Masikio yapo?

(Yapo, na yamefunguliwa!)

Na usingizi?

(Tumeuacha nje, ukibisha hatufungui!)

Haya. Leo nina sharti moja. Kila nikisema Bi Nguva kaja juu, nyinyi mtavuta pumzi kama mtu aliyepiga mbizi akachelewa kuibuka. Tujaribu. Bi Nguva kaja juu!

(Pfuu!)

Fumo, hiyo si pumzi, hayo ni mate. Lakini itafaa.

Hapo zamani, zamani sana, watu na wanyama walipokuwa wakishitakiana kwa kadhi mmoja, palikuwa na kijiji kikiitwa Mwanyasi. Mbele ya kijiji palikuwa na maji mafupi, na chini ya maji yale paliota nyasi. Nyasi kweli, za kijani, laini, kama konde la mpunga lililoingiliwa na bahari.

Malishoni humo aliishi Bi Nguva. Jamani, nguva ni kiumbe cha kutazamwa! Ukubwa wake ni wa ng'ombe, upole wake hata kondoo hana. Hana mwiba, hana sumu, hana mbio, hana ugomvi na mtu. Kazi yake ni kula nyasi, na akila kidogo hupanda kutafuta hewa. Bi Nguva kaja juu!

(Pfuu!)

Mwaka ule alikuwa amejifungua. Nguva huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka na miaka kabla ya kupata mwingine. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa kila kitu kwake. Alimnyonyesha kwapani, chini ya pezi lake, akimwimbia:

Nala nyasi, mwanangu kwapani,
navuta pumzi, narudi chini.
Nyonya, mwanangu, nyonya ushibe,
maziwa haya ni yako peke yako.

Sasa Mwanyasi kulikuwa na sheria mbili ambazo kila mtu alizijua tangu utoto. Ya kwanza, samaki aliyeingia wavuni ni wa mwenye wavu. Ya pili, mzazi haguswi. Mwanamke akijifungua hadaiwi, haitwi barazani, hatumwi kisimani. Anakaa ndani anakunywa uji wake wa pilipili manga mpaka atoke arobaini. Ukimsumbua mzazi pale Mwanyasi, hata mama yako mwenyewe alikuwa hakusalimii.

Na pale pale kijijini alikaa Fisi, mvuvi wa juzi. Nasema wa juzi kwa sababu uvuvi hakuurithi wala hakufunzwa. Aliokota jarife pwani, ule wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa, akalishona palipochanika, akaanza kutembea kifua mbele. Hata salamu alikuwa haitikii vizuri.

Siku moja Fisi akalitia jarife lake nyasini. Bi Nguva alikuwa anakula, hana habari. Mara pezi likanasa. Akijigeuza, mkia ukanasa. Na pumzi imekwisha.

Wengine wangekufa pale. Yeye alilibeba jarife zima mgongoni, na mawe yake yote, akapanda nalo, huku mtoto kamng'ang'ania. Bi Nguva kaja juu!

(Pfuu!)

Maji yalipokupwa Fisi akaja na kisu, meno nje. Bi Nguva hakulia wala hakumtukana. Alimwambia, "Bwana Fisi, kabla hujanikata, nifikishe kwa kadhi. Mimi si samaki. Na tena ni mzazi."

Fisi alikubali upesi, na nitawaambia kwa nini. Kadhi wa Mwanyasi alikuwa Korongo, na korongo na samaki mnawajua. Fisi alimwendea pembeni, akamnong'oneza kwamba hukumu ikienda vizuri, mnofu wa kwanza utakuwa wake.

Kadhi Korongo akamwacha pale pale. Alikwenda kusimama ndani ya maji kwa mguu mmoja, kama ilivyo desturi yake. Akiulizwa, husema mguu wa pili ameuficha, watu wasije wakamvuta nao upande wao.

Watu wa Mwanyasi wakajaa ufukoni. Fisi akatoa hoja zake tatu, akitamba. Anakaa majini, basi ni samaki. Ana mkia wa samaki, basi ni samaki. Ameingia wavuni, basi ni samaki wangu. Kadhi akameza mate. Tangu jana yake alikuwa hajatia kitu tumboni, maskini.

Zamu ya Bi Nguva ikafika. Alifungua mdomo aseme, akasita. "Kadhi, niwie radhi kidogo," alisema. Bi Nguva kaja juu!

(Pfuu!)

Pumzi ile ilimpiga kadhi usoni, nayo ilikuwa ya moto, kama ya mtu aliyesimama karibu yako. Kadhi akapepesa macho. Hakuwahi kukutana na samaki mwenye pumzi ya moto.

Bi Nguva akasema, "Hilo la kwanza umeliona mwenyewe. Nikizuiwa kupanda, maji yananiua kama yatakavyomuua Fisi." Kisha akaomba wamtazame kinywani, na mlikuwa na nyasi tu, zimetafunwa vizuri, kama za mbuzi. Hilo la pili.

La tatu hakulisema. Alijilaza ubavu, akainua pezi, na yule mtoto akaja kunyonya mbele ya watu wote. Maziwa meupe yakatawanyika majini, yakafika mpaka kwenye kidole cha kadhi. Ufuko mzima ulisogea kutazama. Hata watoto watukutu, mfano wa Fumo huyu, waliacha kurushiana mchanga.

Basi siku ile, kwa mara ya kwanza, Kadhi Korongo aliteremsha mguu wa pili, akasimama kwa miguu yote miwili mbele ya Bi Nguva.

"Huyu si samaki," alisema. "Huyu ni mzazi. Mfungueni."

Mimi namsifu kadhi yule. Kuhukumu kwa haki umeshiba ni kazi rahisi. Yeye alihukumu ana njaa, na mnofu umeshaahidiwa.

Fisi alilifungua jarife fundo kwa fundo, ananuna. Alipomaliza akauliza, mzazi huyo haguswi mpaka lini? Kadhi akajibu kama desturi inavyosema, mpaka atoke arobaini. Fisi akatabasamu, akaenda zake.

Arobaini ikatimia. Kesho yake asubuhi jarife likawa nyasini tena, na Bi Nguva akanaswa tena, na kwa mara nyingine akalibeba mgongoni. Kaja juu!

(Pfuu!)

Wakarudi kwa kadhi. Bi Nguva alieleza kwamba mtoto wa mwanadamu akitoka arobaini ana bibi, ana shangazi, na siku si nyingi ataonjeshwa uji. Wake hana uji wala shangazi wa kumshika. Ana ziwa la mama tu, na bila hilo anakufa. Kadhi akaona ni kweli, akairefusha sheria. Nguva haguswi mpaka mtoto wake aachishwe ziwa.

"Sawa," Fisi akasema, kwa adabu ya ghafla. Akaomba basi aruhusiwe kuvua nguva wale wasio na watoto, maana na yeye ana tumbo. Kadhi aliwaza huku na huku, hakuona ubaya, akamruhusu.

Hapo kadhi aliteleza. Sikilizeni vizuri, msipige miayo.

Jioni ile Fisi alilitia jarife malishoni, akaongeza mawe ili lisibebeke, akaenda kulala. Maji yakajaa. Na aliyeingia jarifeni safari hii hakuwa Bi Nguva, alikuwa mdogo wake. Alijivuta, mawe yakamvuta. Akajivuta tena, yakamvuta tena. Akajivuta mara ya tatu.

Hapa msijibu kitu. Yeye hakuja juu.

Asubuhi watu waliposhuka pwani walimkuta Fisi anavuta wavu, na kando ya wavu mtoto wa nguva anazunguka, anazunguka. Kila akizunguka anaweka mdomo kwenye ziwa la mama yake, anavuta, hapati kitu, anazunguka tena. Wanawake waligeuza nyuso. Nimeisimulia hadithi hii tangu meno yangu yote yapo, na nikifika hapa na mimi hugeuza uso kama wao.

Fisi akaitwa barazani. Alianza na neno moja, "Sikujua." Alisema jioni, akilitia jarife, aliona mgongo juu ya maji, akadhani ni dume.

Na mimi namsadiki. Fisi ni mlafi, lakini siku ile hakusema uongo. Kweli hakujua.

Bi Nguva naye akaja, na kwapani safari hii alikuwa na watoto wawili, wake na wa mdogo wake. Watu walidhani ataomba Fisi auawe. Hakuomba hivyo. Alimwomba kadhi amtake Fisi atazame baharini, nguva watakapoibuka amwonyeshe yupi ni mzazi na yupi siye. Akiweza, na aendelee kuvua.

Wakatazama wote. Mgongo wa kwanza ukatokeza kule mbali. Haya!

(Pfuu!)

Fisi akasema hilo ni dume. Likageuka, na chini ya pezi pana mtoto ananyonya.

Mgongo wa pili ukatokeza.

(Pfuu!)

Fisi akasema huyo sasa hakika ni mzazi. Akageuka, na alikuwa dume zee lenye makovu, limejitembelea.

Mgongo wa tatu ukatokeza.

(Pfuu!)

Fisi alikaza macho mpaka yakatoka machozi. Mwishowe akasema, "Sijui."

"Hata mimi sijui," akasema Kadhi Korongo. "Wala hakuna hapa anayejua. Kosa hili ni la hukumu yangu. Nilimlinda mzazi niliyemwona, nikamsahau yule nisiyeweza kumwona. Kuanzia leo, kwa kuwa hatumjui, kila nguva ni mzazi. Jarife halitiwi nyasini. Nguva akinaswa mahali pengine kwa bahati mbaya, wavu uinuliwe kwanza apumue, ndipo afunguliwe. Asiyejua, asiguse."

Fisi hakupigwa wala hakufukuzwa kijijini. Alipewa kazi. Alilikata jarife lake, na kwa kamba zake na maboya yake yale yale akazungushia malisho yote, ili kila mvuvi aone pa kukomea. Alifanya kazi ile ananung'unika kutwa, kwamba sheria gani hii, inamlinda hata dume lisilo na kazi. Na kule ndani ya maboya Bi Nguva alikuwa anaimba, ila wimbo ulikuwa umebadilika mwishoni:

Nyonyeni, wanangu, nyonyeni mshibe,
maziwa haya ni yenu wawili.

Maziwa yalimpungua kila mmoja kidogo, lakini wote wawili walikua. Mama gani huyo! Mimi sijui sifa ya kumpa, nabaki kutikisa kichwa.

Mnadhani imekwisha? Bado.

Mwaka ukageuka, na mke wa Fisi akajifungua pangoni mwake. Fisi akawa mbio, mara kuni, mara uji. Mchana mmoja wa jua kali, yuko mlangoni anapuliza moto, Chui akafika. Alikuwa na njaa, na amenusa kitu.

Fisi akasimama mlangoni. Kuni zi mkononi, maana Chui si wa kuchezewa. Akamwambia ndani mna mzazi.

Chui akachungulia. Pango la fisi mnalijua, giza tupu. "Mimi naona giza," alisema. "Huenda ni mzazi, huenda ni shemeji yako amejilalia. Nitajuaje?"

Fisi akajibu bila kuwaza, "Kama hujui, hupiti. Ndiyo sheria ya hapa."

Chui akamtazama, akawatazama watu waliokwisha kuanza kukusanyika na mipini ya majembe, kwa sababu Mwanyasi mzazi haguswi, awe wa nani. Akageuka, akaenda zake.

Watu wakatawanyika. Fisi akabaki peke yake mlangoni, na lile neno lake bado li mdomoni. Lilikuwa neno la kadhi, lile lile alilolinung'unikia mwaka mzima. Nyuma yake, gizani, mtoto wake alikuwa ananyonya, naye Fisi anamsikia. Na mbele yake, kule kwenye maboya, Bi Nguva kaja juu.

(Pfuu!)

Fisi akaweka chini kuni, akainamisha kichwa kuelekea baharini. Tangu siku ile kamba ya boya ikikatika, wa kwanza kufika kuifunga alikuwa yeye.

Basi, wanangu, funzo lake ni hili. Sheria inayomlinda mnyonge isingoje mpaka tumwone analia. Wengi wamefichwa na maji, wengi wamefichwa na giza, na sisi tunaona mgongo tu. Usipojua ni mama wa nani, mwache apumue. Siku moja mlango wa kuchunguliwa utakuwa wako.

Hadithi yangu imekuja juu, imevuta pumzi, imerudi chini. Aliyeipenda ailee, aliyechoka akalale. Na wewe Fumo, kabla hujalala, pumzi ya mwisho.

(Pfuu!)

Hiyo sasa ndiyo.