Tangi Lililosema Nne

Fungueni masikio, wasikilizaji, na mjiandae kubishana, maana hadithi hii hata mimi ninayeisimulia imenishinda.

Vijana watatu wa mwaka wa mwisho wa chuo walipelekwa Rungwe kwa mafunzo ya vitendo, kwenye kituo cha kukusanya maziwa cha Mama Subilaga. Gwakisa alisomea kompyuta, na programu kwake ilikuwa kama kuandika barua ya nyumbani. Lusajo alisomea umeme. Mikono yake haikutulia mpaka kilichokufa kifufuke. Sekela alisomea mitambo, lakini kipaji chake kilikuwa macho. Kila asubuhi alisimama na wapokeaji wa maziwa akiuliza hili na lile, mpaka wakamwita Bi Kwanini.

Mama Subilaga aliwapenda wote watatu, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Nafasi ya fundi wa kituo ilikuwa moja tu, na jina lilitakiwa makao makuu Ijumaa.

Jumatano asubuhi, kioo kipya cha kuonyesha joto la tangi, alichokitengeneza Gwakisa, kilionyesha nyuzi nne, baridi safi kabisa. Maziwa ya kaya mia mbili yakamiminwa tangini. Sekela akakunja uso.

"Mama, haya yametoka kukamuliwa sasa hivi, yana joto. Mbona namba haitikisiki?" Akagusa ubavu wa tangi. "Mama, ni vuguvugu!"

Watu wakashika vichwa. Lusajo akachomoa bisibisi, akaanza kufumua nyaya za kipimajoto, kazi ya nusu siku. Kabla hajamaliza, maziwa yangekuwa yamechacha.

Gwakisa akasogea, akamshika Lusajo mkono.

"Acha, Lusajo. Kipimajoto hakina kosa. Kosa ni langu. Niliandika nne nikijaribu kioo, nikasahau kuifuta. Hiki kioo hakijapima kitu tangu jana."

Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, lawama zote zingeangukia nyaya.

Lusajo akakimbilia mtambo wa kupoozea nyuma ya banda. Kumbe ulikuwa umezima tangu alfajiri, swichi imeungua. Swichi mpya hadi mjini. Akaingia stoo, akang'oa ya mtambo mkuukuu ambao kila mtu aliuhesabu chuma chakavu, akaifunga, mtambo ukanguruma. Lori lilipofika mchana maziwa yalipimwa, na halikumwagwa hata kopo moja.

Alhamisi Gwakisa alibisha hodi ofisini. "Mama, jina langu usiliandike. Wenzangu ndio wanaostahili."

"Nani kakuuliza? Hebu kanywe chai, mwanangu."

Lakini alipotoka, Mama Subilaga akaona uchungu. Bila macho ya Sekela, wangeendelea kuiamini ile nne. Bila mikono ya Lusajo, kujua tatizo kusingepooza maziwa. Na Gwakisa? Nikimwacha, aliwaza, kesho nani atathubutu kusema "kosa ni langu"? Nikimchukua, hawa wawili wasio na dosari nitawatazamaje usoni?

Ijumaa imefika. Fomu iko mezani, ina mstari mmoja wa jina, na vijana watatu wamekaa kwenye benchi nje ya mlango.

Haya, mwenzangu unayenisikiliza: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?